Gari la Kwenda Popote

Kwetu Kusini, na hasa kwa sisi tulioishi kati ya Mtwara mjini na maingilio ya Mto Ruvuma, msafiri aliyechelewa hakuulizwa kwa nini amechelewa. Aliulizwa jambo moja tu: "Mlikwama au mliharibikiwa?" Mgeni angeweza kudhani kwamba maneno hayo mawili ni mamoja. La hasha. Kukwama ni kazi ya mchanga na tope, na dawa yake iko palepale ulipokwama: koleo, matawi ya miti, na mabega ya watu. Kuharibikiwa ni jambo jingine kabisa. Hapo kimekatika chuma, na chuma hakioti shambani. Aliyekwama alifika usiku akiwa amechafuka. Aliyeharibikiwa alifika kesho kutwa, au alifika kwa miguu.

Nimekaa nikitafakari maneno hayo mawili kwa muda mrefu, na nimefikia kuamini kwamba ndani yake imo historia ya usafiri wa pwani yetu kwa zaidi ya miaka mia moja. Watu hupenda kubishana juu ya magari. Mmoja atasema Land Rover ni bovu, mwingine atasema Toyota ndiyo gari, wa tatu atawalaumu madereva. Ubishi huo ni mtamu, lakini unatupitisha kando ya swali lenyewe. Magari yaliyotufia njiani ndiyo hayo hayo yaliyokuwa yakitembea Arusha na Moshi. Lililotofautiana ni umbali: umbali kutoka mahali chuma kilipokatikia hadi mahali chuma kingine kilipowekwa, na umbali kutoka kwa mtu aliyekwama hadi kwa mtu ambaye ni wajibu wake kumfuata.

Tuanze na mambo ya kale. Mwaka 1861 David Livingstone aliingia katika mdomo wa Ruvuma akiwa na meli ndogo ya mvuke iitwayo Pioneer. Matumaini yake yalikuwa kwamba mto huo ungekuwa barabara ya maji ya kufikia Ziwa Nyasa. Meli ile ilizama majini kupita kina cha mto. Baada ya kupanda mwendo wa maili 30 hivi, maji yakaanza kupungua, na wakalazimika kurudi kabla hawajaachwa juu ya mchanga. Mwaka uliofuata alirudi na mashua, naye akafika mbali zaidi, lakini mawe na maji haba vikamzuia tena.

Mwaka 1866 alikuja mara nyingine, safari hii akashukia Mikindani. Alileta ngamia 6, nyati wa kufugwa 3 na ndama mmoja, nyumbu 2 na punda 4. Alitaka kujua ni mnyama yupi atakayestahimili mbung'o wa bara. Ulikuwa ni mpango wa busara kwa namna yake: kama barabara hakuna, basi kitafutwe chombo kisichohitaji barabara. Wanyama wale walikufa mmoja baada ya mwingine katika njia ya Ruvuma. Livingstone mwenyewe aliwashuku mbung'o, lakini pia aliwalaumu vikali wachungaji wao kwa kuwapiga, kuwatwisha mizigo mizito na kutowatunza. Msomaji ataona kwamba ubishi wetu wa gari na dereva haukuanza jana. Miaka 160 iliyopita, katika njia hiyo hiyo, watu walikwisha kubishana kama kosa ni la chombo au la mwenye kukiongoza.

Baada ya ngamia kushindwa, kilichobaki ni bega la mwanadamu. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Waingereza yalikuwa na magari mepesi ya Ford, lakini mvua za mwanzoni mwa 1917 ziligeuza bonde la Rufiji kuwa ziwa, na magari yakawa hayana maana. Mizigo ya vita ilibebwa na wapagazi. Walibeba hadi Lindi na Mahiwa, ambako Oktoba 1917 yalipiganwa mapigano makali kupita mengi katika vita vile, na walikuwa wakibeba bado siku von Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma kuingia Msumbiji, tarehe 25 Novemba 1917. Inakadiriwa kwamba zaidi ya wapagazi 90,000 wa upande wa Waingereza walikufa katika vita vile vya Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Jina la Kariakoo, mahali palipokuwa kambi yao Dar es Salaam, ndilo kaburi lao lililo kubwa kuliko yote. Nawataja hapa kwa sababu kila chombo kiliposhindwa Kusini, aliyekuja kubeba alikuwa mwanakijiji. Jambo hilo tutalikuta tena mbele.

Kisha ikaja karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na Serikali yake ikaamua kulima karanga katika Tanganyika kwa kiasi ambacho hakijapata kuonekana: ekari zaidi ya milioni 3. Mashamba yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilibidi kujengwe reli, na kwa ajili ya reli ilibidi kujengwe bandari ya maji ya kina. Ndivyo Mtwara, iliyokuwa kijiji cha wavuvi jirani na Mikindani, ilivyopimwa na kuchorwa kuwa mji wenye barabara pana zinazoshangaza wageni hadi leo. Mji wetu ni mtoto wa mashine.

Na mashine zenyewe zilikuwaje? Nyingi zilikuwa mitumba ya vita: matrekta yaliyonunuliwa katika maghala ya majeshi, mengine kutoka Ufilipino. Vifaru vya Sherman viling'olewa mizinga, vikageuzwa kuwa matrekta yaliyopewa jina la Shervick. Vilipokutana na mizizi ya miti yetu na udongo unaokauka ukawa kama saruji, vilivunjika. Kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, sehemu kubwa ya matrekta yalikuwa yamesimama. Spea zilikuwa ng'ambo, mafundi walikuwa wachache, na hawakufahamu aina zote zile zilizochanganyika. Mpango ulifutwa Januari 1951, baada ya kumeza kiasi cha pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa 1954, karanga zenyewe zikiwa zimekwisha kuwa hadithi. Reli nayo ilikosa mizigo ya kuilisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na mataruma yakang'olewa.

Hapa ndipo penye fundo la historia hii. Reli ilipoondoka haikuachiwa barabara nafasi yake. Iliacha gari. Kuanzia hapo, kila kilichotoka uwanda wa Makonde kwenda baharini na kila kilichotoka baharini kwenda Newala, Masasi, Kitaya au Mahurunga kilipita juu ya mchanga na udongo, ndani ya chombo kilichosifiwa kwamba hakihitaji barabara.

Chombo hicho kilikuwa Land Rover. Kilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, wakati huo huo karanga zikiwa zinapandwa Kongwa. Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na jipu kuukuu la Kimarekani katika shamba lake kisiwani Anglesey, akafikiri kwamba kampuni yake ingeweza kutengeneza lake. Chuma cha bati kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kikigawiwa kwa kibali, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Uamuzi huo ulifanywa kwa sababu ya uhaba wa Uingereza, lakini ulikuwa na matokeo kwenye pwani yetu. Aluminiamu haili kutu kama chuma. Chesisi chini yake ilikuwa ya chuma. Gari lililotembea miaka mingi kando ya bahari, Msimbati na Mnazi, likapigwa na mvuke wa chumvi na mara nyingine kupita katika maji ya bahari yenyewe, lilionekana zima kwa nje huku mifupa yake ikiliwa ndani. Fundi aligonga kwa nyundo chini ya gari linalong'aa, na nyundo ikapenya.

Tusilidharau hata hivyo. Land Rover lilikuwa gari la haki. Lilikuwa jepesi, refu kutoka ardhini, na fundi wa kijijini aliweza kulifungua kwa spana chache akaona kila kitu kwa macho yake. Tangi likitoboka, lilizibwa kwa sabuni ya mche. Springi ikikatika, ilifungwa kwa vipande vya mpira wa tairi na gogo la mti. Mpira wa ndani ukipasuka na kiraka hakipo, tairi lilijazwa majani makavu, gari likaenda mwendo wa konokono hadi kijiji cha pili. Wagonjwa, mitihani ya shule, mishahara ya walimu, masanduku ya kura, chanjo, na wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji vilivyoanza 1964, majeruhi waliovushwa Ruvuma wakipelekwa katika hospitali ya FRELIMO pale Mtwara: vyote hivyo vilisafiri katika magari ya namna hii.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Gari lililosifiwa kwenda popote lilipakiwa kama meli. Lile refu la 109 lilionekana likiwa na watu ishirini, magunia ya korosho juu, na mbuzi mlangoni. Sasa tazama linalotokea katika mchanga wa uwanda wa Makonde au wa njia ya Msimbati. Gurudumu la nyuma linazama. Dereva anatia fowili, anakanyaga mafuta, anaachia klachi kwa ghafla. Nguvu yote ya injini inapita katika ekseli, chuma chembamba kinachotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu. Ekseli ya nyuma ya Land Rover za zamani ilijulikana dunia nzima kwa udhaifu wake. Unasikika mlio mmoja, ka!, na gari linabaki likinguruma bila kwenda.

Dereva mzoefu hakukata tamaa hata hapo. Alifungua boliti za katikati ya gurudumu, akachomoa kipande kilichokatika, akaomba Mungu kwamba kipande cha ndani hakijaingia katika meno ya difu, kisha akaliendesha gari kwa magurudumu ya mbele peke yake mpaka nyumbani. Lakini mchangani, kwa mzigo ule, magurudumu mawili ya mbele hayakutosha. Hapo ndipo kukwama na kuharibikiwa vilipokutana, na hapo ndipo safari ilipoanza kuhesabiwa kwa siku.

Miaka ya 1970 na 1980 iliongeza uzito. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena 1979. Fedha za kigeni zikawa adimu, na magari yakazuiwa kutembea Jumapili mchana bila kibali. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilichukua magari mengi ya umma na ya watu binafsi kwenda Kaskazini, na mengi hayakurudi, au yalirudi yakiwa hayafai. Spea iliagizwa kwa kibali, na kibali kilingojwa kwa miezi. Ndipo kila yadi ya serikali ikawa na makaburi yake ya magari: moja lilisimamishwa ili matatu yatembee, kisha la pili likasimamishwa ili mawili yatembee. Mafundi wa siku zile walikuwa hodari kupita kiasi, lakini uhodari wao wote ulikuwa wa kuahirisha kifo.

Wafadhili nao walileta magari. Finland ilifanya kazi kubwa ya maji katika Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970, na kuanzia 1988 ikagharimia mpango wa maendeleo vijijini uliojulikana kama RIPS, ulioendelea hadi 2005. Visima vilivyochimbwa wakati ule watu wa vijijini wanavikumbuka kwa shukrani. Lakini jambo moja lilionekana katika miradi ya wafadhili karibu kila mahali nchini: kila mmoja alikuja na aina yake ya gari, na spea zake, na mara nyingine fundi wake. Mradi ulipokwisha, gari lilibaki na vilivyolilisha vikaondoka. Toyota Land Cruiser zilipozidi kuingia, watu walisema shida imekwisha. Kwa kweli zilikuwa imara zaidi. Ila gari imara likifa mbali na spea yake, limekufa sawasawa na gari dhaifu.

Nieleze tukio moja ambalo nililiona mwenyewe, maana bila hilo mtu anaweza kudhani ninazungumzia vyuma tu. Ilikuwa masika ya mwaka 1986. Tulikuwa tukitoka upande wa Kitaya kuja Mtwara, ndani ya Land Rover ya ofisi moja ambayo sina haja ya kuitaja. Gari halikuwa la wagonjwa, lakini lilikuwa gari pekee lililopita siku ile, na dereva alikuwa muungwana. Alimpakia mama mmoja aliyekuwa na uchungu wa uzazi tangu jana yake, pamoja na mkunga wa jadi na mume wake. Kabla hatujafika Mahurunga, ekseli ilikatika kwenye tope. Ilikuwa yapata saa tisa alasiri.

Utaratibu ulifuatwa kama ulivyofuatwa siku zote. Utingo alikata matawi mabichi akayapanga barabarani, mbele na nyuma ya gari, ili atakayekuja gizani ajue kuna chombo kimelala. Dereva aliandika barua kwa ofisi yake katika karatasi ya daftari, akampa kijana mwenye baiskeli. Vijana wa kijiji cha jirani walikuja bila kuitwa, wakalisukuma gari hadi pakavu. Mwenye nyumba ya karibu alileta maji na ugali. Hakuna aliyedai senti.

Mzee mmoja wa hapo alimtazama yule mama, kisha akamwambia dereva, "Mwanangu, gari lako litangoja. Huyu hawezi kungoja." Kilitolewa kitanda cha kamba, zikapitishwa nguzo mbili za mikoko, na wanaume wanane wakaondoka naye wakipokezana. Walitembea usiku kucha. Alfajiri walikutana na lori la chumvi, likambeba hadi hospitali ya Ligula. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Barua ya dereva ilifika ofisini kesho yake mchana. Msaada ulifika siku ya tatu jioni: gari jingine, fundi mmoja, na ekseli ya upande usio wake. Za kushoto na za kulia hazina urefu mmoja katika gari lile, na barua ilikuwa imetaja upande. Fundi alirudi Mtwara. Sisi tulikwisha kuondoka kwa miguu. Baadaye nilisikia kwamba katika ripoti ya mwezi tukio lile liliandikwa kwa maneno mawili: "Gari bovu."

Maneno hayo mawili yamenikaa moyoni kuliko mengine mengi niliyosoma. Gari lilikuwa bovu, ni kweli. Lakini gari bovu halikumchelewesha yule mama kwa usiku mzima peke yake. Lilisaidiwa na barua iliyokwenda kwa baiskeli, na ghala lisilojua kushoto na kulia, na barabara ambayo haikuwekwa changarawe kwa sababu gari lililopita hapo lilidaiwa kwamba halihitaji changarawe. Na walioziba pengo lote hilo ni wanaume wanane ambao hawakuajiriwa na mtu. Wajukuu wa wapagazi wa 1917 walikuwa wamerudi kazini, ila safari hii kwa hiari na huruma.

Wakati huo huo, nchi za wenzetu zilikuwa na mipango yake. Nairobi ilikuwa na chama cha wenye magari tangu 1919, chenye kuweka alama za barabara na kuwasaidia wanachama wake walioharibikiwa. Katika Ulaya mtu alipiga simu kutoka kando ya barabara, na gari la fundi likaja katika muda wa kunywa chai. Misaada hiyo ilijengwa juu ya vitu vitatu: simu, barabara, na idadi ya magari inayotosha kulipia gharama. Kusini hatukuwa na hata kimoja. Badala yake tulikuwa na sheria isiyoandikwa kwamba dereva hampiti dereva aliyesimama. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, walisema wahenga, na barabarani kwetu jirani alikuwa yeyote atakayetokea kwanza. Sheria hiyo iliokoa watu wengi. Hata hivyo ilikuwa na mpaka wake. Jirani ana mabega, ana chakula, ana ulinzi wa usiku. Hana ekseli.

Safari ya Dar es Salaam ilikuwa na masharti yake pia. Ni kilomita zipatazo 560 tu, lakini kati yake palikuwa na kivuko cha Rufiji pale Ndundu, na kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 za udongo mweusi ambao masika uligeuka gundi. Magari yalipanga foleni humo kwa siku kadhaa, na lililoharibika katikati lilifunga njia kwa wote. Kuna miezi ambayo mikoa ya Kusini ilikuwa kisiwa, na spea iliyokuwa Dar es Salaam ilikuwa mbali kama iliyokuwa Uingereza. Kule mpakani, pantoni ya Kilambo ilifuata maji ya bahari. Kujaa kwa maji hakumngoji mtu. Aliyeharibikiwa njiani akafika maji yametoka, alilala hapo na mbu wa Ruvuma.

Mambo yamebadilika, na ni haki kuyataja. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa Agosti 2003, urefu wake ukikaribia kilomita moja. Kipande cha Somanga nacho, baada ya kuchelewa miaka mingi, kikapata lami. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lenye mita 720, lilifunguliwa na marais Kikwete na Guebuza mwezi Mei 2010, ingawa liko mbali sana na maingilio ya mto. TANROADS ilianza kazi mwaka 2000, na TARURA, inayoshughulikia barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017. Gesi iliyogunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982 hatimaye ilijengewa mtambo Madimba na bomba la kwenda Dar es Salaam, na magari makubwa yakapita mahali palipokuwa pakipita baiskeli.

Lakini kitu kilichoua usiku ule mrefu zaidi ya lami ni simu ya mkononi. Leo dereva aliyekatikiwa ekseli katika mchanga wa Msimbati anapiga picha, anaituma kwa fundi, anatuma fedha kwa simu, na spea inapandishwa kwenye basi Dar es Salaam au inaletwa na bodaboda kutoka Mtwara mjini. Ghala halina kisingizio cha kutojua kushoto na kulia. Na mgonjwa hambebwi tena kwa kitanda mara moja. Kwanza inatafutwa pikipiki. Mchanga ni ule ule. Umbali ndio uliopungua.

Hata hivyo kuna jambo ambalo sijaliona likibadilika, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Bado tunaamini gari kuliko tunavyoamini barabara. Wilaya ikipata Land Cruiser mpya, kuna sherehe, kuna hotuba, kuna picha. Karavati likizibuliwa kabla ya masika, hakuna anayekwenda kulitazama. Na gari imara lina hatari yake ya siri. Kiongozi apitaye ndani yake, vioo vikiwa vimefungwa, anavuka tope bila kulijua. Barabara mbovu haimuumi. Anayeumia ni yule ajaye nyuma yake kwa baiskeli, au amebebwa. Gari la kwenda popote limewapa wengi ruhusa ya kutoijenga njia ya kwenda mahali fulani.

Tena magari ya leo yana vichwa vya umeme ambavyo sabuni na mpira wa tairi haviwezi kuvitibu. Fundi wa kijijini aliyekuwa daktari wa Land Rover hawezi kuyafungua. Maana yake ni kwamba gari linapokuwa la kisasa zaidi, ndivyo linavyohitaji zaidi mtu wa kulifuata, na swali la ni nani mwenye wajibu wa kulifuata huko Kitaya au Msimbati bado linajibiwa kama zamani: atakayetokea kwanza.

Sisemi tuwaachie wanakijiji sifa hiyo kwa kuwa ni nzuri. Ni nzuri, lakini haikupaswa kuwa mpango wa serikali. Ofisi inayopeleka gari mahali pasipo na msaada inapaswa kupeleka na spea yake, jina la fundi wake, na saa ya kuanza kulitafuta likichelewa. Hayo hayahitaji mfadhili. Yanahitaji daftari na mtu anayelisoma. Na siku gari litakapokatika, kama yanavyokatika yote, ripoti iseme lilikatikia wapi, msaada ulichukua saa ngapi, na nani alikuwamo ndani. Mwandishi wa ripoti atakayelazimika kuandika habari hizo tatu hatatosheka tena na maneno mawili.